Boksi la Kupandisha Stima

Mimi nina hasira za karibu, sitakataa. Miaka ile zilikuwa zinaishia kwa stima. Kwenye karakana yetu ya mbao pale Jericho, stima ilikuwa ikifika imechoka hoi, msumeno wa meza unaguna tu. Tukafanya kama kila mwenye mashine mtaani: tukafunga ukutani boksi la kupandisha stima, na msumeno ukaanza kula mbao.

Mimi nilikuwa mpasuaji. Mchongaji alikuwa mdogo wangu. Mkono wa baba yetu ulimwendea yeye, mimi ukanipita, na nyumba zetu mbili zilikula kwa vidole vyake.

Kisha watu wa stima wakabadilisha transfoma. Siku hiyo hiyo balbu ziliwaka nyeupe pee, halafu zikapasuka. Friji ya mama wa duka ikafuka moshi. Mimi nikafurahi kama mjinga, maana msumeno ulikuwa unanguruma. Fundi wa stima wa mtaani akaja na mita yake, akapima, ikasoma zaidi ya volti mia tatu mahali palipofaa mia mbili na arobaini.

"Mzee, toa hiyo boksi leo. Stima imepanda, na wewe bado unaipandisha. Hiyo stata ya kuwasha na kuzima msumeno itaungua ishikane."

"Unatafuta kazi kwangu? Toka kabla sijakupasua."

"Sawa. Lakini nimekuambia."

Mdogo wangu alikuwa hapo hapo akipiga msasa kifaru wa mbao aliyemchonga. Alinitazama, nikamgeuzia mgongo.

Siku ya tatu asubuhi gogo liliuma msumeno, ukakwama. Mdogo wangu akabonyeza kitufe chekundu cha stata, kile cha kuzima. Msumeno ulikuwa umetulia, naye akaamini umezimika. Wafua mabati wa jirani walikuwa wakigonga, hakuna aliyesikia mota bado inavuma. Ndani ya stata plastiki ilikuwa imeyeyuka, vyuma vimegandana, stima inapita tu. Akashika gogo kwa mkono wa kulia, akalivuta.

Msumeno ulifufuka ukaupata mkono wake. Damu ilinirukia mdomoni. Nilibonyeza kitufe, nikakipiga ngumi, nikakipiga nyundo, na bado ulikuwa unazunguka huku yeye akilia jina la mama. Nikachukua shoka nikakata waya. Cheche zikaniunguza nyusi, mota ikalipuka moshi mweusi, na vidole vitatu vikabaki kwenye vumbi la mbao.

Fundi alikuja mbio aliposikia kelele. Alipoinama kumfunga mkono kwa shati lake, mimi nikamrukia. Nilitaka mtu wa kuumiza. Nilimpiga pua ikavunjika, nikasikia ikivunjika, nikamkaba koo nikamgandamiza ukutani.

"Nyinyi watu wa stima mmemuua ndugu yangu!"

"Mwachilie," mdogo wangu akasema kutoka sakafuni. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Si alikuambia? Mimi nilikuwa hapa, nilisikia."

Mikono yangu ilianguka yenyewe. Nikapiga magoti nimshike, naye akajivuta nyuma, akajiburuta kwenye damu yake mpaka meza ikamzuia.

"Usiniguse, bro."

Fundi akapangusa pua, akampitishia mkono kwapani, akamwinua. Wakatoka pamoja kutafuta gari la hospitali.