Ngombe zangu na motokari ya muntu wa Kashebere

Muntu yule, jina lake ninalijua. Ninajua jina la baba yake na la mama yake, na lile la batizo ambalo yeye mwenyewe anaona haya kulitumia. Kichwa changu hakijapoteza jina la muntu tangu nilipokuwa mutoto. Lakini hapa sitaliandika. Kutaja jina la muntu ni kumuheshimu, na mimi heshima ya kumupa sina. Nitasema tu mufanyabiashara wa Kashebere. Yeye akisikia, atajijua.

Alifika kwetu Lushebere wakati wa kiangazi, barabara ikiwa imekauka. Na hilo pia nimelifikiria baadaye: kwa nini kiangazi? Wakati wa mvua, hakuna muntu anayeuza motokari kwa njia yetu, kwa sababu matope yatasema ukweli mbele yake. Alikuja na kamyoneti nyekundu, imeoshwa mpaka inangaa, na shofere ndani. Mutoto wangu wa kwanza njo aliyemuita. Walikuwa wamesikilizana bila mimi, kwenye soko, namna wanaume wanavyosikilizana.

Maneno yao yalikuwa haya: motokari inakuja kwetu, ngombe zangu zinaenda kwake.

Nilikuwa na ngombe mbili, mama na binti yake. Yule mama, bwana yangu aliniachia akiwa bado ndama, kabla hajakufa. Tulipokimbia vita, nilimukimbiza pamoja na watoto, kamba yake nimeifunga kwenye kiuno changu, na tuliporudi nilirudi naye. Maziwa yake yalilisha wajukuu na kuwapeleka shuleni. Siku zile alikuwa na mimba tena. Hiyo njo mali yote niliyokuwa nayo juu ya dunia, ukiondoa shamba la maharagi ambalo hata mbuzi analidharau.

Mutoto wangu akanieleza kwa sauti ile ya kubembeleza muzee.

"Mama, tutabeba maharagi na viazi mpaka Kashebere. Toka pale tunafika kwa dada yangu kule Buleusa, tunarudi na mawese na ndizi. Katika muda kidogo tutanunua ngombe zingine, kupita hizi."

"Na hizi zitakuwa wapi?"

"Kwake."

"Basi yeye njo atakunywa maziwa, na sisi tutakunywa mazutu ya motokari."

Alikasirika. Mimi pia. Lakini tangu baba yake afe, yeye njo anasimama mbele ya wanaume kwa niaba ya nyumba yetu, na wanaume walikuwa wamekwisha kukusanyika kuangalia kamyoneti kama vile ni bibi arusi.

Sasa musikie namna yule mufanyabiashara alivyopima ngombe zangu. Alitumia asubuhi nzima. Alimufungua mama yule kinywa, akaangalia meno. Alimukamua, akaonja. Akasukuma mbavu kwa ngumi aone mimba. Akasema wamupandishe kilima, wamuteremushe, wamupandishe tena, apate kuona kama mguu hauchechemee. Akangojea mpaka amekojoa. Ndiyo, akachota ule mukojo kwa mukono na kuunusa, mbele yangu. Kununua njo vile. Muntu asiyepima ngombe ni mujinga, na ngombe yangu haikuwa na cha kuficha.

Alipomaliza akanawa mikono, akaita shofere wake alete bidon ya kasiksi, dumu la pombe yetu ya ndizi. Akamimina katika kibuyu, akamupa mutoto wangu.

"Kunywa, kaka. Ni ya kiu tu, jua iko kali."

Yeye ambaye si wa kwetu hatajua kwa nini nilishika fimbo yangu. Kwetu, kasiksi ya muuzaji hainywewi ovyo. Ukiikunywa mbele ya watu, umekata maneno: kitu ni chako na mali yako ni yake, hata kama kesho kitu kile kinakufia mukononi. Njo maana inakuja mwisho, wakati kila mutu amekwisha kupima. Yeye alikuwa amepima. Sisi hata mulango wa motokari hatujafungua. Na mutoto wangu, muntu mukubwa mwenye watoto, anayejua haya yote kama mimi, akakunywa. Alikunywa kwa sababu alikuwa na furaha. Nilitamani kukipiga kibuyu kile na fimbo.

"Haya," mufanyabiashara akasema, "sasa twende mujaribu. Mama, panda mbele, wewe njo malkia."

Nilipanda. Akaendesha yeye mwenyewe, toka Lushebere mpaka Masisi centre, fasi ambapo barabara imetulia, haina mulima wa kupanda. Muziki alifungua mpaka masikio yaliuma.

"Zima hiyo," nikamwambia.

"Mama, safari bila muziki haina utamu."

"Sikuja kucheza. Nataka kusikia motokari."

Akapunguza kidogo, kidogo sana. Chini ya ule muziki nilisikia kitu kinagonga kama mutu anayeomba kufunguliwa. Tulipofika centre, akasimamisha motokari pua ikitazama muteremuko, na hakuzima moteri. Tukashuka, tukasalimia watu, moteri inanguruma. Tukarudi. Kwetu pia akatafuta muteremuko, akasimama hapo, moteri inanguruma.

"Kwa nini hauizimi?"

"Moteri haipendi kuzimwazimwa, Mama."

"Na mulima? Mulima hatukupanda."

"Mulima wa nini tena? Umeona inatembea."

"Ngombe yangu pia ulikuwa umeona inatembea. Mbona uliipandisha kilima?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Mutoto wako amekunywa. Maneno yamekatwa. Mufungue ngombe, niende."

Niliangalia wanaume. Kila mumoja akaangalia viatu vyake. Kwao ilikuwa imekwisha: kinywa cha mutoto wangu ni kinywa cha nyumba. Nikasimama mbele ya mulango wa zizi. Mimi ni mufupi, lakini mulango ule pia ni mufupi.

"Kinywa chake kimekunywa," nikasema. "Changu kiko kikavu. Ngombe ni zangu, bwana yangu aliniachia mimi, wote hapa munajua. Na mimi nitakunywa. Nitakunywa kesho, juu ya ule mulima wa njia ya kwako Kashebere, motokari ikifika na muzigo. Kama ni nzima, unaogopa nini?"

Hapo hakuweza kukataa, watu walikuwa wengi. Akasema sawa, kwa meno ya kufunga. Motokari ikalala kwetu. Na yeye akalala kwa jirani, akala kuku ya mutoto wangu.

Asubuhi, ninatoka kumukamua ngombe, ninamukuta shofere amekwisha kuwasha. Kapo, kile kifuniko cha moteri, iko wazi, moshi unajaa kiwanja, nguo zangu kwenye kamba zinanuka mazutu.

"Unafanya nini?"

"Ninaipasha moto, Koko," akasema, kama mimi ni nyanya yake. "Ni desturi."

"Desturi ya nani? Mukiniuzia mutu wa kunibebea mizigo, mutamuamusha ninyi kila siku? Zima."

Akazima. Nikaleta kiti changu na kitunga cha maharagi, nikakaa mbele ya ile pua nyekundu, nikaanza kuyatoa kwenye maganda. Kila mara niliweka mukono juu ya kapo, kama mama anayeshika mutoto mwenye homa. Mufanyabiashara akatoka kwa jirani na kijiti cha meno, akaniona.

"Mama, unachelewesha watu."

"Bado iko moto."

"Unajua nini juu ya moteri, wewe?"

"Sijui kitu. Njo maana ninangoja."

Ilipopoa kama jiwe, nikasema: sasa. Shofere akageuza ufunguo. Motokari ikakohoa, ikanyamaza. Akageuza tena. Ikanyamaza kabisa. Mufanyabiashara akasema ni baridi ya Lushebere, motokari imezoea Kashebere. Wanaume wakaisukuma kwa muteremuko, na pale njo ikawaka, na moshi mweusi. Nikaelewa kwa nini jana alipenda kusimama kwenye miteremuko.

Nilikuwa nimewaambia wamama wenzangu waliokuwa wanaenda soko la Kashebere waje na mizigo yao. Walikuja na mifuko ya maharagi na viazi, wakapakia, wakakaa juu, kila mumoja na kamba yake ya kipaji cha uso shingoni, ile tunayobebea mizigo mugongoni. Mufanyabiashara aliona kamba zile, akauliza ni za nini, na wao wamepata motokari.

"Tumezoea tu, Papa," mumoja akajibu.

Tulipita Masisi centre vizuri. Tukaanza mulima. Mwanzo ilipanda. Kisha ikapanda polepole, kisha nikaona majani ya pembeni hayasogei tena. Moteri inalia, magurudumu yanazunguka, sisi tuko fasi moja. Halafu majani yakaanza kwenda mbele. Tulikuwa tunarudi nyuma.

"Freni!" mufanyabiashara akalia.

"Ninakanyaga!" shofere akajibu, mukono umeshika mulango tayari kuruka. "Jiwe! Muweke jiwe!"

Mutoto wangu akaruka, akasukuma jiwe chini ya gurudumu. Motokari ikalipanda kidogo, ikasimama. Juu ya mizigo wamama walikuwa wanaita Yesu, na walipoona tumesimama, waliacha Yesu, wakaanza mudomo.

"Papa, ukienda nyuma namna hii utatufikisha Goma. Sisi tulisema Kashebere!"

"Hapana, mumwache. Amesahau kitu nyumbani, njo anarudia."

Mufanyabiashara alishuka, shati limelowa. "Mumeizidishia muzigo! Hata motokari mupya ingeshindwa."

"Muzigo gani?" nikamuuliza. "Hivi tunabeba kwa vichwa."

Na wamama wakanionyesha mimi ni muntu wa kweli. Wakateremusha mifuko, wakafunga kamba, wakaweka kwenye kipaji, wakainama, wakapanda. Walipita kando ya ile motokari mumoja mumoja, na wa mwisho aliigonga kwenye ubavu na ngumi, namna mufanyabiashara alivyosukuma mbavu za ngombe yangu. Tuliwaona wakifika juu. Walikaa kule, wakapunga mikono.

Nilidhani imekwisha. Nikamwambia mutoto wangu: twende nyumbani. Hakusogea. Alikuwa anatazama lile jiwe.

"Mama, nimekunywa," akasema polepole. "Watu wameniona. Nikikataa sasa, nitakuwa muntu gani hapa?"

Mufanyabiashara akashika pale pale kama mbwa. "Umesikia? Mutoto wako ana akili. Motokari inatengenezwa, neno haliharibiki. Nitatuma watu wachukue ngombe."

Hasira niliyokuwa nayo kwa yule mutu ilikuwa kubwa, lakini ile niliyokuwa nayo kwa mutoto wangu iliipita hiyo. Nilimuzaa mimi. Angeweza kutoa ngombe zangu ili wanaume wasimucheke.

"Basi nitarudisha kasiksi," nikasema.

Wote wawili wakaniangalia. Kurudisha kasiksi iko, wazee wetu waliifanya, lakini ni jambo la aibu mpaka watu wameliacha. Yule aliyekunywa anaileta kasiksi iliyopikwa kwake, kipimo kile kile, mpaka kwa muuzaji, mbele ya watu. Muuzaji akiikunywa, maneno yamefunguliwa. Na hana ruhusa ya kukataa. Mufanyabiashara akacheka. Alidhani hakuna mutu wa siku hizi atakayebeba aibu hiyo mpaka mulangoni kwake.

Binti yangu wa Buleusa akanitumia ndizi kwa motard, muntu wa kubeba watu na pikipiki. Nikazivundika, nikazikamua, nikapika kasiksi mimi mwenyewe, na mutoto wangu hakunisaidia hata kupasua kuni. Lakini siku ya soko, nilipofunga bidon kwenye pikipiki ya motard na kupanda, alikuja akakaa nyuma yangu. Lazima awepo, yeye njo alikunywa. Tulienda mpaka Kashebere, bidon kati yetu.

Duka lake lilikuwa limejaa. Nikaweka bidon chini mbele ya mulango, nikatoa kibuyu. Mutoto wangu akapiga magoti, macho chini, akamimina. Sikumuhurumia.

Mufanyabiashara akasimama na tabasamu ya bandia.

"Mama, karibu, karibu. Lakini leo sina kiu."

"Hata mutoto wangu siku ile hakuwa na kiu."

Watu wa soko wakasogea. Wazee wa Kashebere walijua ni nini, hakuna aliyehitaji kuwaeleza. Mumoja akasema kwa sauti kavu: "Kunywa, Papa. Amekuja nayo toka mbali." Mufanyabiashara alitazama kushoto, akatazama kulia, akapokea kibuyu. Akakunywa kidogo, akataka kukirudisha.

"Yote," nikasema. "Mutoto wangu hakubakisha."

Akakunywa yote. Nikapindua kibuyu chini, kila mutu akaona ni kikavu, nikakifunga kwenye kikwembe changu cha kiunoni.

Ngombe yangu alizaa dume mwenye doa kwenye kipaji. Mutoto wangu anakuja kunywa maziwa kama kila mutu, anakunywa akiwa amesimama, anaenda. Hajaniomba radhi, na mimi sitamusaidia kuiomba.

Ile kamyoneti bado inasimama mbele ya duka la Kashebere, imeoshwa, pua ikitazama muteremuko. Nikipita pale kwenda kwa binti yangu, mwenye duka ananisalimia kwa jina langu lote, la batizo na la nyumbani, ili watu waseme hana kinyongo. La kwake ninalijua, na la baba yake, na la mama yake. Ninapita.