Gitaa la Kufunikia

Watu wengi husoma gitaa kabla ya kulisikia. Tukiwa bado tunapanga vyombo, sijagusa hata uzi mmoja, atatokea mtu ainame, asome kichwa cha gitaa langu, kisha aniangalie kwa huruma. "Hii ni ya kampuni gani, mzee?" Mimi humjibu kwamba ni kampuni ambayo hajawahi kuisikia, nayo haijawahi kumsikia yeye, kwa hiyo wako sare.

Nililinunua mjini Machakos kwa mfanyabiashara Msomali anayeuza redio na spika za mtumba. Lilikuwa limening'inia nyuma ya lundo la nyaya, rangi yake ya kijani imechujuka. Kando yake palikuwa na jingine lenye jina kubwa, lile jina ambalo watu hulivaa hata kwenye fulana. Nilijaribu yote mawili. Lile la jina kubwa lilikuwa na sauti nene, inayojaza chumba mpaka kwenye pembe. Hili lisilojulikana lilikuwa na sauti nyembamba na safi, inayopita kati ya maneno ya mwimbaji bila kumkanyaga.

"Chukua hii," muuzaji akaniambia. "Watu wanaiacha juu ya jina tu. Mimi sijui muziki, lakini mtu akiipiga hapa, naacha kazi nasikiza."

Kwa kazi yetu, sauti nyembamba ndiyo iliyofaa. Bendi yetu hupiga benga ya Kikamba kwenye harusi, kwenye harambee, na pengine mazishini. Ndugu yangu mkubwa ndiye kiongozi na mwimbaji, na mimi napiga gitaa la solo. Katika benga ya kwetu watu hawaji kusikiliza wimbo peke yake. Wanakuja kusikia majina yao. Wimbo ukifika katikati, mwimbaji huanza kuwataja waliopo: baba ya bwana harusi na ng'ombe wake, shangazi aliyesafiri kutoka Katangi, hata mwenye kukodisha tenti. Anayetajwa husimama akacheza mbele ya wenzake. Anayerukwa hununa, na Mkamba aliyerukwa kwenye wimbo hanuni wiki moja tu.

Ndugu yangu alikuwa bingwa wa mambo hayo. Aliyasikia majina mara moja tu wakati wa kusalimiana, na baadaye aliyamwaga kwenye maiki ukoo kwa ukoo, hakuna aliyekosa. La mwisho lilikuwa langu siku zote. Alinigeukia, akainua mkono, akaniita mara tatu kwa madaha, na mimi ndipo nilipoingia na solo. Kabla ya hapo niliondoa vidole kwenye nyuzi ili nilisikie vizuri. Nina wajukuu sasa, lakini nililipenda jina langu likitoka kinywani mwake kuliko makofi yote yaliyofuata.

Basi mwaka jana, bila sababu niliyoiona, akaanza kulichukia gitaa langu.

"Hii gitaa yako ni ya aibu," akaniambia siku moja tukipakia vyombo. "Tutafute ile ingine, ile watu wanajua."

"Mkubwa, umeanza kuona aibu lini?"

"Wewe tafuta tu."

Nilidhani ni mzaha. Huyu ni mtu aliyezoea kujisifu kwamba bendi yetu inapiga vyombo visivyo na ukoo na bado inawachezesha wenye ukoo. Lakini hakuacha. Akamwomba mpwa wetu, anayefanya kazi kiwandani Mavoko, na kijana akaja na gitaa la jina kubwa alilokuwa amelinunua akalisahau chini ya kitanda. "Anko, na hii mtaheshimika, si mchezo," akasema akifungua mkoba. Mimi sikuligusa. Nilimwambia ndugu yangu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Zamani angecheka. Siku hiyo alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

"Kama hutaki, nitatafuta mtu mwingine wa solo."

Niliumia sana. Nilikwenda nyumbani nikijiambia kwamba uzee umemletea majivuno, na kwamba heri nimwachie bendi yake. Hata hivyo sikumwachia, na sikulibadilisha gitaa.

Ndipo tukaitwa harusini Mwala. Baba ya bwana harusi alikuwa ameshafariki. Sisi wenyewe ndio tuliopiga kwenye mazishi yake, na ndugu yangu aliimba siku hiyo mpaka machozi yakamkatiza. Mjane alikuwa ameketi safu ya mbele na kitenge kipya, amejitahidi kufurahi kwa ajili ya mwanawe. Wimbo ukafika katikati. Ndugu yangu akaanza kutaja, na jina la kwanza lililomtoka lilikuwa la marehemu.

"Simama, baba ya bwana harusi! Simama mzee, tuone vile unacheza!"

Gitaa langu, jembamba na safi, liliacha kila neno wazi. Hakuna aliyelikosa, hata waliokuwa nyuma kwenye masufuria. Mpiga ngoma akapoteza mapigo. Ndugu yangu akarudia jina lile, akanyoosha shingo akimtafuta mwenyewe kati ya tenti, akitabasamu. Mjane akajifunika uso na kitenge chake. Niliingia na solo bila kuitwa, nikaivuta kadiri nilivyoweza, mpaka nilipomwona ndugu yangu ameshusha maiki na tabasamu limemtoka.

Walisema amelewa. Ndugu yangu hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Shangazi mmoja wa bwana harusi alikataa kumpa mkono tulipoaga.

Kesho yake asubuhi nilimfuata kwake, karibu na vilima vya Lukenya. Alikuwa ameketi nje anapukuchua mbaazi. Nilikuwa na hasira ya usiku kucha.

"Yule mzee tulimzika sisi," nikamwambia kabla ya salamu.

"Najua. Nilijua nikishamaliza kumwita." Aliendelea kupukuchua. "Majina yananitoka. Mtu anasimama mbele yangu, namjua, najua mpaka shamba yake, lakini jina hakuna. Nikivuta, inakuja ya mtu amekufa."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kukuomba gitaa."

Sikuelewa mara moja. Alinitazama kama mtu anayechoka kueleza.

"Hiyo yako inaniacha uchi. Kila neno linasikika. Ile kubwa ingenifunika. Ningemumunya maneno tu hapo ndani, watu waseme ni chombo."

"Ungeniambia niongeze sauti."

"Yako hata ukiongeza inakata tu. Haifuniki."

Ilikuwa kweli. Hiyo ndiyo sifa niliyolinunulia gitaa lile, na nilikuwa nimeitetea mbele yake kwa methali. Shemeji akatoka na chai, akanitazama usoni, akasema, "Umeambiwa," akaweka kikombe na kurudi ndani.

Nilitaka kumgombeza, nilitaka kulia, na nilitaka kumpeleka hospitali saa ileile. Alikubali hospitali. Alichoniomba ni kimoja: nisimwambie mtu, na nisimnyime kuimba. "Wakijua, hakuna mtu atatuita tena," akasema. "Nitabaki mzee wa kukaa kwa kiti akisalimiwa. Mimi siwezi hiyo." Daktari alituambia kwa upole kwamba ugonjwa wa namna hiyo huenda mbele, haurudi nyuma.

Nililitundika gitaa langu kwenye msumari chumbani, nikachukua lile la mpwa wetu. Tulikubaliana ishara. Jina likimkimbia, atagusa ukingo wa kofia, na mimi nitaongeza.

Mara ya kwanza tulikuwa Katangi, kwenye harambee. Nilipofungua mkoba, mtu akainama akasoma kichwa cha gitaa, akapiga mluzi. "Sasa hapa mko na gitaa!" Nilitamani kumpiga nalo.

Wimbo ukafika katikati. Alianza vizuri, akataja mwenyekiti, akamtaja mwalimu. Kisha mkono ukaenda kwenye kofia. Nikaongeza, na ile sauti nene ikajaa mahali pote, naye akawa anachezesha midomo ndani yake. Mama mmoja aliyekuwa amekaa mbele akaruka juu akaanza kucheza, ana hakika ametajwa. Mzee kando yake naye akasimama. Kofia ikaguswa tena, na watu wengine wakasimama, kila mmoja akiwa amesikia jina lake mwenyewe. Hakuna aliyenuna Katangi siku hiyo. Nilimwona ndugu yangu akiwatazama wanavyocheza, na sikumbuki kumwona na furaha kama ile tangu harusi ya Mwala.

Kisha akanigeukia, akainua mkono kama kawaida. Na mimi, kwa mazoea, nikaondoa vidole kwenye nyuzi.

Akafungua kinywa. Akanitazama, nami nikamtazama, na kimya kikawa kirefu kuliko wimbo unavyokubali. Mkono wake ukashuka polepole, ukagusa kofia. Nilipaswa kupiga. Vidole vilikataa, kwa sababu bado nilikuwa nasubiri.

"Mwana wa mwaitu!" akaita. Mtoto wa mama yangu. Akaita tena, na mara ya tatu, kwa madaha yaleyale, na umati ukashangilia, ukiona ni utamu mpya ameubuni.

Nikaingia na solo, nikalifungua lile gitaa la jina kubwa mpaka mwisho wake, nikalia kwa sauti nikiwa nalipiga, na hakuna aliyenisikia.