Kistari Alichokifuta Ihirwe

Kila Jumatano na Ijumaa, saa tisa alasiri, Béatha alimpeleka binti yake Ihirwe kwa Mwalimu Mutsinzi, wala hakurudi nyumbani. Alikaa kizingitini na ungo wa maharage mapajani, akiyachambua polepole kuliko yalivyohitaji. Majirani wa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, walisema mama huyu hamwamini hata mwalimu. Kumbe macho yake yalikuwa usoni mwa mwalimu kwa sababu nyingine: alitaka kuona kama anajua.

Mutsinzi alikuwa amefundisha hesabu miaka kumi na miwili. Oktoba 1990, vita vilipoanza mpakani, watu walikamatwa mjini wakiitwa ibyitso, yaani washirika wa adui, naye akachukuliwa. Alirudi baada ya miezi sita, suruali imefungwa kwa kamba, akakuta shuleni ameshawekwa mwingine. Hakugombana na mtu. Aling'oa mlango wa kabati lake, akaupaka rangi nyeusi, akauegemeza ukutani sebuleni, na wanafunzi wakaanza kuja mmoja mmoja. Sasa ulikuwa mwaka 1992, na mtaani hapakuwa na mwalimu mwingine wa kumvusha Ihirwe katika mtihani wa taifa. Alikuwa ameufeli mara moja. Nafasi ya pili ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Alilojua Béatha ni hili. Mumewe Gasana, fundi cherehani, alikamatwa siku mbili kabla ya mwalimu. Walimpiga wakitaka majina ya wenzake. Hakuwa na wenzake. Siku ya pili alitaja jina lililomjia kwanza, la mwalimu wa binti yake, kwa kuwa wiki ile alikuwa akimshonea koti. Alipoachiliwa, alimwambia mkewe mara moja tu, akiwa ameelekea ukutani. Koti lenyewe lilibaki kwenye msumari nyumbani kwao, mkono mmoja haujashonwa.

Mwalimu akijua, Béatha aliwaza, atamfukuza mtoto. Nani angemlaumu?

Ijumaa moja ya mvua walikuwapo wanafunzi watatu: Ihirwe, Shakira na Ilyasi, ambaye mdomo wake haukutulia. Mwalimu aliandika ubaoni hesabu tatu za milinganyo ya kipeo cha pili.

"Msianze kutafuta," alisema. "Kwanza jueni mnatafuta majibu mangapi. Namba ya katikati izidishe kwa yenyewe. Halafu toa mara nne ya namba ya kwanza kuzidisha ya mwisho. Kinachobaki ni delta. Ikizidi sifuri?"

"Majibu mawili!"

"Ikiwa sifuri yenyewe?"

"Moja."

"Ikipungua sifuri?"

Béatha, aliyeachia shule darasa la tano, alilijua jibu kwa kulisikia kizingitini, ila aliinamia ungo wake.

"Hakuna," alisema Shakira kwa sauti ndogo.

"Mwalimu," Ilyasi akadakia, "kama jibu haiko, walituletea hii hesabu ya nini? Si wangebaki nayo kwao!"

Hata Béatha alicheka. Mwalimu naye alitabasamu kidogo, kisha akainama juu ya daftari la Ihirwe, na tabasamu likaisha.

Hesabu ya tatu delta yake ilikuwa tisa kutoa kumi na sita. Ihirwe alikuwa ameandika hasi saba, vizuri kabisa. Halafu akalowesha kidole kwa mate, akakifuta kile kistari mbele ya saba, akaendelea mpaka akapata majibu mawili na kuyapigia mstari kwa rula.

"Kistari kimekwenda wapi?"

"Nimekosea, mwalimu."

"Hukukosea. Karatasi imechubuka, ulikifuta. Kwa nini?"

Ihirwe alitazama miguu yake. "Shuleni ukiacha pasipo jibu unapigwa. Ukiandika kitu, hata kibaya, wanakuacha ukakae."

Mwalimu aliigeuzageuza chaki mkononi. Matone ya mvua yalisikika juu ya bati.

"Ndivyo," alisema hatimaye. "Mtu akipigwa, jibu hupatikana. Atatoa lolote lililo karibu." Aliongea na mtoto, lakini hakumtazama mtoto. "Hata jina la mteja wake."

Maharage yalimwagika. Béatha alipiga magoti kuyaokota sakafuni, asithubutu kuinua kichwa.

"Mama Ihirwe, acha. Watoto watayaokota."

"Mwalimu, sisi..."

"Nilijua kabla hujamleta. Waliotuhoji waliniambia kulekule gerezani, wakicheka." Alipangusa chaki kwenye suruali. "Mtihani ni Juni. Jumatano asichelewe. Na baba yake ndiye amlete, si wewe."

Gasana alikesha juu ya cherehani siku mbili. Jumatano alimpeleka binti yake, koti likiwa limekunjwa kwapani, limekamilika. Béatha aliwafuata nyuma, kwa kuwa hakuweza kubaki.

"Mwalimu, mimi ndiye..."

"Najua, Gasana. Kaa, unawazibia mwanga."

Gasana alikaa kwenye kigoda cha watoto, magoti yakifika kifuani, saa nzima mbele ya ubao. Ihirwe alifanya hesabu tano. Ya nne ilikuwa kama ile ya Ijumaa. Alisita, akamtazama baba yake bila kujua kwa nini baba analia, kisha akaandika kwa herufi kubwa: HAKUNA. Kistari akakiacha mahali pake.

"Vizuri," alisema mwalimu.

Walipokuwa wakiondoka, Mutsinzi alimpa mkono Ihirwe, akampa mkono Béatha. Mkono wa Gasana ulikuwa umeshanyooshwa. Mwalimu hakuushika; alichukua koti lililolazwa juu ya mkono huo, akaligeuza, akaangalia mshono wa ule mkono wa koti uliokuwa haujashonwa, akalitundika kwenye msumari karibu na ubao.

"Ijumaa saa tisa," alimwambia mtoto.

Ihirwe hakukosa hata siku moja mpaka mtihani. Béatha alirudi kizingitini na ungo wake, na kila alipoinua macho aliliona koti palepale, lina upana wa mwili aliokuwa nao mwalimu kabla ya gereza. Mwalimu hakulivaa. Vumbi la chaki lilikuwa likitua mabegani mwa koti, jeupe, siku baada ya siku, wala hakuna aliyelipangusa.