Chuo Kimemwambia Asubiri, Kanisa Likampa Barua Tisa

Saa tatu asubuhi, Candide amepiga magoti kwenye zulia la ghorofa ya kumi na moja, Flemingdon Park, Toronto, akifunga bandeji ya kuzuia uvimbe kwenye mguu wa Mama Marina. Ameanzia vidoleni, anapanda taratibu. Kila mzunguko anabonyeza ngozi kwa kidole gumba. "Inabana?"

"Unaniuliza kila siku," anajibu bibi huyo, Mgoa wa Nairobi mwenye miaka themanini na sita. "Kaza. Mimi si yai."

Leo Candide hacheki. Simuni mwake kuna ujumbe wa chuo alichoomba kusomea uuguzi: atume barua moja tu ya ziada, mwisho Ijumaa, ya mtu aliyemwona akifanya kazi. Asiwe ndugu. Asiwe kiongozi wa dini.

Na ameshatuma tisa.

Mkanganyiko ulianza Januari, chuo kilipomjibu kwamba ombi lake limeahirishwa. "Niliisoma mpaka macho yakauma," anasema Candide, aliyekuwa muuguzi wa zahanati huko Uvira, Kongo, kabla vita havijamtoa. "Wamenikataa? Basi waseme. Wamenikubali? Basi wanipe tarehe."

Chini ya jibu palikuwa na mstari mmoja: mwombaji anaweza kuongeza barua za kumpendekeza. Kanisani kwao, kwa Wakongomani na Warundi, mstari huo ulieleweka papo hapo. Kwao kesi ikiahirishwa mtu hakai nyumbani. Anatafuta wazito wa kumsimamia. Mchungaji Bonaventure akaandika. Mwenyekiti wa jumuiya akaandika, akagonga muhuri mwekundu. Kiongozi wa kwaya naye, na wazee waliomjua baba yake. Mumewe Cyriaque, anayepakia mizigo ghalani Malton, alizipitia barua nyumba kwa nyumba kama mkusanya sadaka.

Nani alaumiwe? Chuo kilisema barua, kikapelekewa barua. Kama kilikuwa na aina yake kinayoitaka, kingepungukiwa nini kuitaja tangu Januari?

Wenye kumbukumbu hawashangai. Waliofika Toronto miaka ya tisini wanawakumbuka madaktari wetu waliozeekea kwenye teksi wakiambiwa subiri. Leo wimbo ni kwamba wauguzi hawatoshi. Wapo. Wamepewa mabeseni waogeshe wazee, wanalipwa kwa saa, na saa ya kungoja basi kati ya mzee na mzee haimo.

Sasa Mchungaji amempatia barua ya kumi, ya askofu wa Bujumbura. Imeshatangazwa ibadani na waumini wamepiga makofi. Candide anamsimulia Mama Marina huku akibana bandeji kwa pini.

"Tisa? Unaomba shule au unagombea ubunge?"

"Ni watu wakubwa, Mama."

"Wakubwa, sawa. Wameona nini? Huyo askofu amekuona ukifunga mguu?"

"Hata uso wangu haujui."

Candide anakaa sakafuni, anafungua nakala za barua simuni, anasoma moja baada ya nyingine. Mcha Mungu. Binti wa mtu mwema. Sauti nzuri katika kwaya. Anaiweka simu chini.

"Hakuna hata mmoja aliyesema mimi ni muuguzi."

"Basi nitaandika mimi. Mguu ni wangu."

Hapo ndipo anapochanganyikiwa zaidi. Kwao, mzee unayemwogesha humwombi kitu, watu wasije wakasema ulimwogesha ili uombe. Isitoshe, kampuni inayomtuma majumbani imekataza zawadi za wateja. Barua ni zawadi? Anapiga simu ofisini. Msichana aliyepokea hajui, aulize chuo. Chuoni inajibu mashine.

"Kila mlango unanionyesha mlango mwingine," anasema. Kisha, kwa bibi: "Sijakuomba, Mama."

"Nimesema umeniomba? Lete kalamu."

Mama Marina anaishika mwenyewe, hataki kusaidiwa. Anaandika kwamba mguu wake ulikuwa na kidonda tangu Pasaka, kwamba wengi walikuja wakakifunika wakaenda zao, na kwamba huyu alikitazama, akaubadilisha ufungaji, akampigia daktari simu mpaka akasikilizwa. Kimepona.

Candide anatoka kwenye korido, anampigia Mchungaji.

"Pasta, barua ya askofu sitaituma."

"Nimeshatangaza, binti yangu."

"Ndiyo, Pasta. Tafadhali utangaze tena."

Anarudi ndani uso umemshuka, anaipiga picha barua ya bibi, anaituma. Akipata nafasi, anapanga kusoma mchana na kuogesha wazee wikiendi, mpaka arudi wodini.

"Sijui kama barua ya mgonjwa wanaihesabu," anasema akivaa koti. "Labda nimekosea tena. Ila kwa zile tisa, wangekuwa wamemkataa binti wa mtu mwema. Wakikataa hii, wamemkataa muuguzi."