Mugeni Tuliyemukalisha Juu ya Kiti

Ilianza Jumamosi, saa kumi ya mchana. Nilikuwa ninaosha sahani nyuma ya nyumba yetu hapa Beni. Mama Masika, prezida wa bamama wanaolima kakao katika kartie yetu, aliingia bila kubisha hodi akamwambia Koko, bibi yangu:

"Mwalimu mwenye kututafsiria kesho anagonjwa. Na mugeni wa Cameroun anasema paka Kifaransa tu. Tupe Kavira."

Kavira ni mimi. Niko humanités ya nne, kule sekondari. Kifaransa ninakijua, lakini kwenye karatasi. Mwalimu akiniuliza kitu darasani, mimi ninaangalia viatu vyangu.

"Hapana, Mama Masika. Nitatetemeka."

"Utetemeke, mais useme!" akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaeleza. Maganda ya kakao tunayatupa chini ya miti, yanaoza, na ugonjwa unapanda mpaka kwenye matunda. Huyo mama wa Cameroun anajua kuyachoma na kupika sabuni kwa majivu yake. Anakaa kwetu asubuhi moja tu. "Tukikosa mutu wa kumusikia," alisema, "tutamupigia makofi, tutapiga naye picha, basi. Maganda yatabaki palepale."

Akaenda. Mimi nilisugua sufuria moja muda mrefu kuliko lazima.

Koko alikuwa anachagua maharagi. Alizaliwa kule Butembo kwenye baridi, akaolewa huku, na mpaka leo analalamikia joto la Beni kama mutu aliyefika jana. Hakunigombeza. Aliniambia tu: "Ikala hapa, mutoto wangu." Nikakaa karibu naye.

Ninaandika maneno yake vile aliyasema.

"Kuko siku moja haijatoka mu kichwa yangu. Nilikuwa musichana kama wewe. Tulikuwaka tunapikia juu ya mafiga, kuni inakwisha mbio, tunapanda mulima kukata ingine. Basi akafika mama mumoja wa Tanzania, jina yake Mama Neema, mufinyanzi. Kwao walijua kutengeneza jiko ya udongo yenye kukula kuni kidogo. Akakuja kutufundisha. Mais siye Banande, unajua vile tunapokea mugeni! Tukamutandikia kitambaa juu ya kiti. Tukamuchinjia kuku. Akiuliza, 'Udongo iko wapi?', mama yangu anajibu, 'Kula kwanza, mama.' Akisimama, bote tunapiga kelele: 'Ikala! Ikala!' Mugeni aingize mikono mu matope? Haya gani ile! Jua ikaanza kushuka, na jiko hata moja hapana."

Koko alicheka mpaka maharagi yakamwagika. Niliyaokota.

"Ndio shangazi yangu akatoka shamba na jembe kwa bega. Ule mama alikuwa na mudomo! Akatuangalia bote. 'Nyinyi batu! Huyu ameacha batoto yake, amepita barabara yote ile, juu ya kukula kuku? Kwao kuku haiko? Mumushushe!' Akamushika Mama Neema mukono, akamupeleka penye udongo, na mimi akanisukuma nyuma yake. 'Kanyaga naye!'

"Tukakanyaga mpaka magoti. Na ule Mama Neema, mutoto wangu, alikuwa mutu kweli. Anafundisha, halafu anauliza. Aliona majani yenye tulipanda mistari mistari mu mulima, akauliza kazi yake. Mama yangu akasikia haya, akasema ni bitu ya kijiji tu. Shangazi akamuangalia vibaya. Donc mama yangu akaeleza vile inashika udongo mvua ikinyesha. Mama Neema akasema kwao mvua inapeleka mashamba mu bonde kila mwaka, na yeye alizania kila mutu anapoteza hivyo. Wakati ya kurudia kwao, alibeba mizizi ya yale majani ndani ya kitambaa chenye maji. Siye tukabaki na jiko. Mukubwa hapana, mutoto hapana, bote sawa. Leo wanaita ile kitu coopération, ushirikiano, wanaisema mu mikro. Kwetu ilikuwa matope."

Nilimwangalia Koko. Ninaishi naye tangu utoto na sikujua kwamba jiko letu, lile analotengeneza mwenyewe likipasuka, lilitoka kwa mama wa Tanzania.

"Sikia basi. Mutu wa inchi ingine mwenye shida kama yetu akikuja na kile anajua, usimufanye picha ya ukuta. Umupe kazi. Na wewe umuonyeshe chako, hata ukiona ni kidogo. Mais hayo yote inataka batu wasikilizane, na kesho kusikilizana iko mu mudomo yako. Haya yako siikatai. Uende nayo. Mungu akae pembeni yako ukisema, akupe sauti ya kufika kwa bamama wa nyuma, na kile utasikia kisaidie hata batoto yenye utazaa."

Nikasema amina. Sikusema ndiyo.

Asubuhi yake, baada ya misa ya kwanza, nilienda uwanjani kwa Mama Masika. Madame Solange, mugeni wetu, alikuwa ameshakunja mikono ya nguo yake, anachuja maji ya majivu. Alisema sentensi yake ya kwanza, nikaigeuza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini sana.

"Kavira, unaambia bakuku?" mutu akapiga kelele. Wote wakacheka. Nikarudilia. Nilitetemeka, ndiyo, lakini mawese, mafuta ya kupikia sabuni, ilikuwa tayari inachemka juu ya moto na haikuweza kunisubiri nimalize. Madame Solange naye akauliza kwa nini tunapanda kakao katikati ya migomba. Bamama wakajibu wote kwa pamoja, nikageuza yale niliyoweza kushika.

Halafu mama mumoja wa nyuma kabisa, mwenye mutoto mugongoni, akasimama: "Muulize kama sabuni haitachoma ngozi ya batoto!"

Nikamgeukia Madame Solange, nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia bado ikitoka kwangu.