Marahaba ya Bibi Kwenye Kaseti

Juzi, mezani kwa muuza mitumba mtaani Jeppestown, niliona redio ya kaseti, na vidole vya miguu vikaniwasha kama mchana ule wa harusi ya dada yangu.

Viatu vilinibana. Ukumbi ulinuka pilau na rangi mbichi, nami nilipiga teke kiti cha mbele mpaka baba akageuka. "Eish, huyu mtoto!" Mama, Mtanzania aliyekuja na baba huku kwao baba aliporudi kutoka ukimbizini, alinifinya paja. "Tulia. Bibi yako atatusalimia." Nikakodolea macho mlango. Hakuingia mtu, baba aliweka tu kaseti iliyotumwa kutoka Morogoro.

"Mjukuu wangu mdogo, ni mimi bibi yako," redio ilisema, ikikwaruza. Kisha kimya.

"Mwamkie!" mama akanong'ona. Wageni walinigeukia. Kiswahili changu kilikuwa cha kusikia tu. Badala ya kusema shikamoo, nikainamia viatu vyangu.

"Marahaba, mwanangu," bibi akaitikia.

Nilidhani amenisitiri mbele za watu. Sasa najua alikuwa peke yake na kinasa sauti, hanisikii, akingoja kidogo, kwa sababu hakuwa na shaka kwamba ningemwamkia.