Mchanga wa Tao

Harufu ya chokaa mbichi ikinipiga puani, mpaka leo huacha ninachofanya. Juzi ilinikuta jikoni kwangu hapa mjini New Hope, mbali na kwetu. Mjukuu wangu Rukia alikuwa amemwaga plasta mezani, anajenga tao la Warumi la kupeleka shule. Nilitaka kumfokea, nikakaa.

Akanieleza, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kwamba Warumi walianzia kijiji cha vilimani, wakapigana na jirani mmoja baada ya mwingine mpaka wakaitawala bahari yao pande zote. Na kila walipoteka walijenga: barabara, madaraja, mifereji ya maji iliyopita juu ya matao. Mengine yamesimama miaka elfu mbili.

"Na mchanga wao aliosha nani?" nikamuuliza.

"Bibi, hilo halimo kitabuni!"

Akatafuta kwenye simu. Kumbe nao waliuogopa mchanga wa pwani, kwa ajili ya chumvi inayofanya chokaa isishike. Basi niwaambie ninyi ambalo yeye sijamwambia.

Kwetu Pate, Baba alikuwa fundi wa mawe, na hakuwa mtu wa mchezo. Nilipokuwa na miaka tisa alijenga tao la mlango wa chuo tulichosomea Kurani. Kazi yangu ilikuwa kuosha mchanga kwa maji ya kisima, mara saba, mpaka ukiuonja usisikie chumvi. Kisima kilikuwa mbali. Niliosha mara moja, nikaenda kucheza kibe, kujificha na kutafutana.

Mafundi wa kwetu walikuwa na desturi: siku ya kutoa mbao zilizobeba tao, aliyelijenga husimama chini yake. Baba akasimama. Msaidizi wake, Athumani, akaanza kugonga kabari zilizozikaza mbao. Ya kwanza ikatoka, vumbi likamwagikia kofia ya Baba. Nilijua akifa nimemuua mimi, na bado mdomo ulikataa kufunguka, kwa kuwa bakora yake naijua. Kabari ya pili ikalegea. Nikapiga ukelele, "Baba, toka!"

"Huyu kaona jini," Athumani akacheka.

"Mchanga sikuosha!"

Hakucheka mtu tena. Baba akatoka, akakwangua chokaa kwa msumari, akaitia ulimini, akatema.

"Bomoeni."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Niliosha mchanga wote upya mpaka vidole vikachanika, na wenzangu kisimani wakinizomea, "Mwana Chumvi, muuaji wa babake!" Baba hakusema nami ila la kazi. Tao likajengwa tena. Siku ilipofika, watu wamejaa, akaingia chini yake, akaniita mbele ya wote.

"Mwanaisha, nisimame?"

Hapo niliogopa kuliko mara ya kwanza. Nilikuwa nimeosha mara saba, nimeonja, na bado sikuwa na hakika. Niliyatazama yale mawe.

"Simama, Baba."

Watu hawakusikia, ikabidi niseme tena. Athumani akagonga. Kabari zikaanguka zote, mbao zikatolewa, na Baba akabaki amesimama, kofia yake nyeupe haina hata chembe ya vumbi.

Kwa miaka mingi niliihesabu ile kuwa adhabu, nikamwekea kinyongo. Nimeelewa nikiwa mzee. Fundi kama yule hana haja ya kumuuliza mtoto. Aliwaona wale walionizomea wamesimama pale, akataka wasikie kwamba neno langu linatosha kwake kuweka kichwa chake chini ya mawe.